Tunda la Msonobari Kitini

Lorna aliamka Jumapili ile akiwa hoi, hoi ya mtu ambaye usingizi umempiga chenga wiki nzima. Mama yake, Enid, alikuwa na mtindo wa kushuka ngazi gizani kumtafuta marehemu mumewe, na juzi alifungua gesi ya jiko akasahau kuiwasha. Na leo ndiyo siku yao ya kwenda kutembea Hartsbeck, lile jumba la mabwana wa zamani, wanakokwenda kila mwaka maua ya waridi yakichanua. Mvua ilikuwa inanyesha. Ingekosaje siku kama hiyo?

Lakini si mvua iliyomkaa Lorna kooni. Ni neno. Kaka yake Neville alikwishapata chumba kwenye makao ya wazee, na mama angehamia keshokutwa. Mama mwenyewe hajaambiwa. "Wewe ndiye unayekaa naye," Neville alimwambia kwenye simu, kana kwamba anamtunuku. "Mpeleke Hartsbeck afurahi, kisha mwambie taratibu." Taratibu! Na Lorna huyuhuyu ndiye aliyemshika mama mkono siku ya kumzika baba akamwapia: huendi kokote, mama, utazeekea kwangu. Neville hakuapa kitu. Watu wa namna ile hawaapi.

Basi wakaenda. Clive, mume wa Lorna, aliendesha huku akigombana na ramani, binti yao Tamsin akiwa nyuma na simu yake, amenuna kama kawaida ya watoto wa miaka kumi na mitatu. Enid alikaa mbele, mkoba mapajani. Gari likaegeshwa kwenye konde lenye tope, viatu vikabadilishwa, kikapu kikabebwa, na baada ya kutembea kote kule wakakuta benchi lao la chini ya ukuta wa waridi limekaliwa na familia nyingine.

"Hao nao wametoka wapi?" alisema Enid.

"Mama, benchi si letu."

"Miaka yote hii si letu?"

Wakakaa kwenye nyasi, juu ya turubai, manyunyu yakiwadondokea. Sandwichi za mayai zilikuwa zilezile, na chai ya chupa ilikuwa na ladha ileile ya chupa. Clive akaenda na Tamsin kutazama bata. Lorna akaona sasa ndiyo nafasi.

"Mama, kuna jambo nataka..."

"Nimiminie chai kwanza."

Akammiminia. Enid akainywa polepole, mpaka tone la mwisho, kisha akaanza kuwasema watunza bustani kwamba mwaka huu wameyapogoa mawaridi kama wanaokata kuni. Lorna akaitikia, ndiyo mama, kweli mama, na neno likarudi tumboni. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa huo. Nyumba inaungua, na bado tutauliza nani anataka chai. Lorna alijua ni woga, na alijichukia kwa woga wake.

Alijaribu tena njiani kuelekea jumbani, mama akiwa amemshika mkono.

"Mama, Neville alipiga simu."

"Neville! Bado ananenepa?"

"Bado."

"Mwambie ale kabichi." Basi, yakaishia hapo.

Clive na Tamsin waliwakuta mlangoni. Ndani ya jumba ngazi zilikuwa nyingi na Enid akazipanda zote kwa kiburi tu. Walipofika sebule ya juu, ile yenye mapazia ya kijani, alikuwa anahema. Ukutani vimepangwa viti vya kale vya hariri, na juu ya kila kiti limewekwa tunda kavu la msonobari, lile gumu lenye magamba. Kila anayezuru majumba haya anajua maana yake, hata mtoto. Hapakaliwi. Enid naye anajua. Ndiye aliyemfundisha Lorna alipokuwa mdogo.

Akalichukua tunda, akakaa.

"Mama!" Lorna aliona uso unamuwaka moto. Watu wote chumbani wakageuka kutazama dirisha, kwa adabu.

Mlinzi wa chumba, mzee wa kujitolea mwenye tai na kitambulisho shingoni, akaja akiomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. "Samahani sana, bibi. Samahani. Kiti hicho hakikaliwi."

"Kiti kisichokaliwa ni kiti gani?"

"Kina zaidi ya miaka mia mbili, bibi."

"Mimi nina themanini na nne, na leo asubuhi nilikaliwa na paka."

Tamsin akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mlinzi naye alibanwa na kicheko, akakohoa. "Nitakuletea kiti cha plastiki, dakika moja."

"Niambie kwanza. Kwa nini tunda? Kwa nini msiandike tu 'usikae'?"

"Tuliandika zamani. Wageni wakaona ni ukali." Alinyoosha tai yake. "Ukiweka tunda, mtu anaelewa mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza mwenzake."

"Aa," alisema Enid. "Mnajua kufukuza kwa heshima."

Alihamia kwenye kiti cha plastiki bila ubishi. Mlinzi akalitafuta tunda lake, akainama mpaka uvunguni, akalikosa, akaishia kutoa jingine kwenye droo. Lorna aliyaona hayo, ila alikuwa amechoka mno hata kujiuliza. Alichowaza ni kwamba siku inakwisha na bado hajasema.

Mkahawani walipanga foleni ndefu ili wapate skonzi, na malai ya kupakia juu ikawa imekwisha. Lorna alimtazama mama akipaka jamu mpaka kwenye kingo, kama afanyavyo siku zote, akataka kulia juu ya sahani. Hakusema. Ndani ya gari, hakusema. Clive alimwangalia kwenye kioo, akainua nyusi kumuuliza, naye akatikisa kichwa. Mvua ikaacha walipokuwa wanaingia mtaani kwao, kwa ukorofi tu.

Nyumbani Clive na Tamsin walibaki nje kushusha vitu. Lorna akamwingiza mama sebuleni, na hapo akajiambia liwalo na liwe.

"Mama, kaa kwenye kiti chako. Lazima nikwambie kitu, na safari hii usiniombe chai."

Enid hakukaa. Alisimama mbele ya kiti chake cha dirishani, kile kilichochakaa kwenye viegemeo vya mikono, ambacho paka peke yake ndiye huthubutu kukigusa. Akafungua mkoba. Akatoa tunda la msonobari, akaliweka katikati ya mto wa kiti, akalisogeza kidogo likae sawa. Kisha akaenda kukaa pembeni mwa sofa, koti mwilini, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kujulia hali.

Lorna akalitazama tunda, kisha akamtazama mama.

"Ni kesho au keshokutwa?" aliuliza Enid.

"Keshokutwa. Mama, nani amekwambia?"

"Neville anaongea kwenye simu kama anaita ng'ombe."

"Ulijua! Tangu asubuhi ulijua?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme. Umenichosha, mwanangu. Siku nzima nanywa chai, najiambia wewe bado unatafuta maneno."

Lorna akapiga magoti mbele ya sofa akalia, kwa sauti, bila haya. "Niliapa, mama. Nilikuapia na siwezi tena. Silali. Siwezi."

"Najua huwezi. Nakusikia unavyonifuata kwenye ngazi." Mkono wa Enid ulimpapasa kichwani, mzito na baridi. Naye alikuwa analia, ila yeye analia bila sauti, ndivyo alivyolelewa. "Sikulaumu. Ila kile kiti asikikalie mtu. Nikija kwenu kutembea, nataka nikikute."

Kwenu, alisema. Si kwetu.

Mlango ukafunguliwa, Clive akaingia na kikapu na lile turubai lililolowa, mgongo ukimuuma, akitafuta mahali pa kujibwaga. Kiti cha karibu kilikuwa kile cha dirishani. Akakiendea, akaliona tunda. Hakuuliza. Akageuka, akaenda kukaa zuliani karibu na mkewe.