Tezi, Wembe na Shingo ya Mwalimu

…na shingo yenyewe hii hapa, imepakwa povu, koromeo linapanda linashuka, na wembe uko hewani unacheza wenyewe, mkononi mwangu mimi, kinyozi namba moja mtaa mzima, mimi ninayemnyoa mtoto anayelia huku natafuna karanga, leo natetemeka kama simu iliyozimwa mlio, "Kijana, umelala?" mwalimu mstaafu anauliza, macho kafumba, "Nasoma ramani, mwalimu, shingo yako ina kona nyingi," anacheka, koromeo linaruka, usicheke, mzee wangu, tafadhali… moyo unakimbia na mimi nimesimama, nilidhani ni yule fundi cherehani wa jirani, nikawatambia wenzangu kwamba mapenzi yananikondesha, kumbe hata asipopita unakimbia, nakula sahani mbili na suruali inadondoka, juzi nimelia kwa tangazo la sabuni, mimi… daktari alinieleza, sindano ya kila Ijumaa inawaamsha askari wa mwili wakapige virusi vya ini, ila askari wakishapandwa na mori wanaweza kuigeukia hata tezi ya hapa shingoni, nayo ikipigwa inamwaga homoni ovyo, sasa anayetetemeka ni nani, mimi, dawa, askari, homoni, shule niliiacha darasa la sita, hesabu hii inanishinda… "Nyoosha mikono," daktari akasema siku ile, akaniwekea karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza, nikamwambia ni feni hiyo, dokta, huu mkono wa kinyozi, akasema tupime damu ya tezi leo leo, nikasema wiki ijayo, nikateleza mlangoni, wiki tatu sasa, maana alishasema tezi ikivurugika sana huenda sindano zikasimama, na zimebaki kumi na tisa, na ini ndilo lililomwondoa kaka yangu, yeye hakupata hata sindano moja… basi nikajiona mjanja, nimemficha daktari, lakini nilimficha nini, mkono si huu hapa, sijui hata kama ni wangu, "Na hapa chini, usiache hata unywele mmoja," anasema mwalimu, anainua kidevu zaidi, ananiachia shingo yote, huyu hajaambiwa habari ya askari wala tezi, na povu linaanza kukauka, wembe bado uko hewani, na mdomo huu usiokosa neno unatafuta moja tu, neno dogo la kumwambia mwalimu, siwezi…