Pipa la Baba Mkwe

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini yule aliulizwa, na wala hakutaka uji. Alitaka mvinyo mweupe wa msimu ule, tena wa pipani.

"Wa tangi utawahi kuwa tayari," mkewe alimwambia huku akimgeuzia mto. "Utaunywa ungali na nguvu."

"Wa tangi mzuri. Chuma hakiongezi kitu, hakipunguzi kitu, unasikia zabibu tupu." Akapumzika, maana maneno yalimchosha. "Lakini mbao inapumua, mama. Mvinyo unalala juu ya mashapo yake, unanenepa taratibu. Nataka kuuonja ule wa pipa la baba mara moja tu, basi."

Tangu aanze zile dawa kali, ulimi wake ulikuwa umekufa. Mchuzi, asali, ndimu, vyote kwake maji. Na huyu ndiye fundi wa mvinyo aliyekuwa akinusa glasi akakwambia zabibu zimetoka upande gani wa shamba, jamani. Daktari alishasema hatauona msimu mwingine. Hata hivyo alishikilia kwamba mvinyo wa pipa la baba yake atausikia tu, ulimi uwe jiwe usiwe jiwe. Mkewe akaamini, maana hakuwa na kingine cha kuamini.

Dada mkubwa wa fundi alikuwa amehamia pale kuuguza. Aliolewa mapema, kazi ya baba yake hakuwahi kuishika, lakini kwa usafi humwezi. Sakafu, beseni, shuka, vitasa vya milango, vyote alivisugua kwa klorini, mdogo wake asije akapata maradhi juu ya maradhi.

"Na pipa nimekuoshea, wifi," alisema siku ya kukamua. "Wewe shughulika na mengine."

Mke wa fundi alishukuru kwa moyo wote. Alijua pipa huoshwa kwa maji ya moto na si kitu kingine, akadhani kila mtu anajua. Akaingiza pua kwenye tundu, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Angesikiaje, na nyumba nzima inanuka klorini, pamoja na nguo zake, viganja vyake na mume wake mwenyewe? Akaimimina juisi yote ya zabibu humo, tangi likabaki kavu.

Mvinyo ukachachuka vizuri. Fundi aliwekewa kiti karibu na mlango wa ghala, akasikiliza povu likinong'ona, akatabasamu. Ulipotulia, mkewe akawa anakoroga mashapo kwa fimbo ndefu kama alivyofundishwa na mkwewe. Hakuonja. Kionjo cha kwanza cha pipa lile kilikuwa cha mumewe miaka yote, na kumtangulia sasa, katika hali ile, kungekuwa kama kumzika.

Fundi alipoanza kushindwa hata kukaa, mkewe akateka glasi moja. Rangi ilikuwa ya dhahabu, ya kupendeza kabisa. Wifi akamwinua kichwa, mke akampa.

Fundi akameza. Macho yakamtoka.

"Nimesikia," alisema. "Nimesikia ladha."

Mkewe akamwinamia kwa furaha. "Ladha gani, baba?"

Akalamba midomo polepole. "Uvundo," alisema. "Gunia lililolowa. Pipa limetiwa klorini."

Mke akainywa ile glasi. Ulikuwa uvundo kweli, wa mbao iliyokufa, maana klorini ikiingia kwenye mbao huzaa uvundo, na hakuna wa kuutoa. Maji yakimwagika hayazoleki. Wifi alisimama na kitambaa chake mkononi, akisema nilitaka liwe safi, nilitaka liwe safi tu, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumgombeza.

"Dada, kaa," fundi alimwambia. Kisha akamgeukia mkewe. "Niletee wa tangi basi, nisukutue."

Mkewe hakuweza kumwambia kwamba wa tangi haupo. Akaenda ghalani, akasimama mbele ya tangi tupu akalia kimyakimya, akalipiga teke. Halafu akajaza glasi maji ya bomba, kwa kuwa kila kitu kwake kilikuwa maji, hatajua.

Fundi akanywa yote. Mkewe akamfuta kidevu.

"Uvundo umeondoka?" aliuliza.

"Wa tangi siusikii hata kidogo," alisema. "Bado nasikia ule wa baba."