Sauti ya Baba Isiguswe

Binti yangu hukata ubongo wa panya vipande vyembamba, akavitia kwenye maji maalumu yanayopulizwa hewa, na vipande hivyo vikaendelea kuishi kwa saa kadhaa. Ndiyo kazi yake, na msinicheke. Nilipomtembelea maabara alinionyesha kwenye kompyuta: anagusa seli moja kwa umeme, jirani yake anaitika. Akiigusa mfululizo, jirani anaitika kwa nguvu zaidi, kwa sababu ameongeza vipokezi, yaani vinasa-ishara, pale wanapokutana.

"Kumbukumbu inaanzia hapo, mama. Ila seli zisipotengeneza protini mpya, baada ya saa chache inafifia."

Nikamwambia panya wake wana bahati. Mimi nikiweka funguo mezani, nikigeuka tu nimeshasahau.

Shida ni kwamba ujuzi huo aliuleta nyumbani. Tangu mume wangu afariki, mimi humsimulia kila mahali, hata kwa fundi bomba aliyekuja tu kuziba bomba aondoke zake. Nikianza tu, binti yangu huinuka akatoka. Iliniuma sana. Siku moja nikamtolea uvivu: "Baba yako alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Kumbukumbu kila ukiitoa kuisimulia, mama, inalainika. Ili ikae tena, seli zinaijenga upya kwa protini nyingine, na mambo mengine yanapenya humo. Zamani ulisema baba alikuwa akiimba akinyoa ndevu. Siku hizi anaimba na majirani wanapiga makofi! Mimi ya kwangu siigusi. Nataka ibaki sauti yake yeye."

Makofi nilitia chumvi, ni kweli. Au labda yalikuwepo.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakunja nguo chumbani kwangu. Akaacha kukunja.

"Mama, jana nilijaribu kumsikia baba. Simsikii." Machozi yakamlengalenga. "Kila siku maabara naona jinsi maungio ya seli yasiyotumika yanavyolegea. Nilijua kabisa. Sijui kwa nini nilidhani kwa baba itakuwa tofauti."

Nikamkalisha kitandani, nikaanza kumsimulia: kioo cha bafuni, povu shavuni, mlango wazi ili tumsikie sote. Makofi niliyaacha. Kisha nikauimba ule wimbo wake. Kabla sijafika mwisho akanishika mkono.

"Hapana, mama. Hapo alikuwa anashusha. Hivi."

Akafumba macho, akaimba kwa sauti nzito, taratibu, akishuka chini kabisa.

Mume wangu hakuwahi kushuka pale. Alikuwa akipanda, tena kwa kukwaruza, mpaka mbwa wa jirani wanabweka. Binti yangu akafumbua macho, uso umechangamka jinsi ambavyo sijauona kwa miaka.

"Ndivyo alivyokuwa akiimba, eti mama?"

"Ndivyo hasa, mwanangu," nikasema, na nikamwomba arudie ili nami niushike.