Mtani wa Mabruki Kizimbani

Mimi Apolinaria sijawahi kuiba hata njiti ya kiberiti. Lakini mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, nilisimamishwa kizimbani hapa Tabora kwa wizi wa redio, na aliyenishtaki ni mtoto wa mtani wangu.

Mtani mwenyewe, Mabruki, alikuwa Mzaramo, muuza nyama wa Chemchem. Mimi Mnyamwezi. Tangu babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani, Mzaramo na Mnyamwezi ni kutukanana na kunyang'anyana, na kukasirika hakuna. Kila tukionana aliniita mtumwa wake, nami nikimwambia nyama yake ya punda. Basi alipokufa, kazi ya mtani niliijua. Wanaume walipokwenda makaburini, nikavaa kofia yake, nikabeba redio yake mbele ya mkewe, Mwanahawa, nikasema sirudishi mpaka ikombolewe. Mwanahawa alicheka na machozi yake.

Lukumani, mwana wa marehemu, alilelewa Dar es Salaam kwa shangazi yake. Mambo ya utani hakuyajua, na hata Mwanahawa alipomweleza hakusadiki. Kesho yake akanijia na polisi.

Wakili mmoja wa mjini alinitajia bei ya ng'ombe wawili. Ng'ombe nitoe wapi, mimi muuza karanga? Nikamwambia ahsante, nikajiendea zangu. Aliyeniona nikibeba ile redio ni Mwanahawa peke yake, naye alikuwa amekaa eda, hatoki nje. Alimtuma mtu aniambie, "Dada, nitatoka, Mungu atanisamehe." Nikamjibu akae palepale na eda yake. Nimtoe mjane ndani kwa ajili ya redio? Hata kufungwa kuna adabu yake. Lakini nisijitie ushujaa, niliogopa mno.

Siku ya kesi Lukumani alieleza vizuri, kwa sauti kavu, kama anayesoma tangazo. Redio ilikuwa ya baba yake, mwanamke huyu akaichukua, hakuomba. Yote ni kweli, ndiyo balaa yenyewe. Nikaiona jela hiyo.

Hakimu akaniuliza, "Mama, una swali kwa shahidi?"

Swali lipi? Nikamtazama yule kijana. Siku ya mazishi hakutoa chozi, na watu walimsema sana. Hasira yangu ikapungua. Nikakumbuka kwamba kazi yangu sikuimaliza, maana mtani humwigiza marehemu, nami nilikamatwa kabla sijamwigiza.

Nikainamisha bega la kushoto kama Mabruki, nikakohoa kikohozi chake cha tumbaku, nikasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Baba, umekula?"

Ndivyo alivyomwita mwanawe, kwa kuwa alimpa jina la baba yake mzazi. Kila alipokuja mtu kutoka pwani, Mabruki alimuuliza kwanza kama Baba anakula.

Watu wakacheka. Mwendesha mashtaka akasimama kulalamika. Lukumani hakucheka. Alishika ubao uliokuwa mbele yake, kisha akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Nami nikalia mulemule kizimbani, sikuona aibu.

Hakimu alimsubiri mpaka akatulia, akamuuliza kama bado anasema redio iliibwa.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Lukumani. "Haikuibwa."

Akanigeukia mimi. "Shikamoo, mama," akasema. "Tafadhali, niulize tena."