Kwa Dada Wawili

Duka lile la nguo za harusi halikuhitaji maandishi. Juu ya mlango walichorwa wanawake wawili waliokumbatiana: mmoja mnene, tepu ya kupimia shingoni, mwingine mwembamba, anacheka meno yote nje. Mtaa mzima ulipaita kwa Dada Wawili, na hata asiyejua kusoma hakupotea.

Yule mwembamba, Kicheko, alizikwa mvua zilipoanza. Bango likabaki linacheka.

Hapo ndipo mateso ya dada mkubwa yalipoanza. Kila bibi harusi aliyeingia aliuliza, yule wa pichani yuko wapi, mbona leo kumepoa? Anaeleza, mgeni anashika mdomo, wanalia wote, kitambaa hakikatwi. Kesho anakuja mwingine, kidonda kinatoneshwa upya. Mashoga zake wakashauri, kila mmoja na lake. Wambea nao wakasema anavutia wateja kwa sura ya marehemu. Hilo ndilo lililomchoma. Akamwita mchora mabango aje amfute mdogo wake.

Fundi alipanda ngazi, akapiga msasa pembeni, kisha akashuka na kumkabidhi dada brashi. Wachoraji wa mabango wana mwiko wao: uso wa marehemu haufutwi na fundi. Aliyempenda ndiye huanza.

“Mimi na unene huu ngazini?” dada akajaribu mzaha. “Si mtanizika na mimi?”

“Nitaishika ngazi, dada yangu. Wewe usiangalie chini.”

Akapanda. Alianza na meno, maana alijua akiyaacha mwisho hataweza. Rangi ya bluu ikameza kicheko, ikameza macho. Fundi akauliza kutoka chini, na ule mkono wa marehemu ulioshika bega la dada mnene, auache atakapomalizia?

“Mkono bila mwenyewe ni wa nini?” akasema. “Futa.”

Kweli, maswali yalikoma. Akashona kwa utulivu, akadhani amepona.

Siku moja alikuwa ameinamia pindo la gauni, pini zimejaa mdomoni, mama na binti yake wakasimama nje na kitambaa cheupe. Binti akatazama juu.

“Sio hapa, mama. Tumeelekezwa kwa Dada Wawili. Huyu yuko peke yake.”

Dada alisikia kila neno. Mpaka amalize kuzitema pini kiganjani, wameshakata kona. Akabaki mlangoni, hajui angewaita waje kwa nani.