Gauni Lisiloachiwa Pindo

Mtaa mzima ulimwita Fundi Macho, na haukumsingizia. Mteja akisimama tu mlangoni, fundi alishajua kiuno chake na uongo atakaousema kuhusu kiuno hicho. Futi ya kupimia nguo ilining'inia shingoni kwa heshima tu. Lakini jina alilolitamani lilikuwa jingine. Kila aliyeingia kibandani mwake alikuwa mama fulani au baba fulani, na yeye, mwenye mtoto wa damu yake, aliitwa fundi, basi. Jamani, kuna njaa isiyoshibishwa na wali.

Mtoto mwenyewe aliitwa Kibibi. Alimpata na msusi mmoja waliyependana bila ndoa. Waligombana mimba ikiwa changa, na fundi, kwa kiburi cha ujana, akafunga virago akahama mji. Mtoto akazaliwa, cheti kikatoka, na pale pa jina la baba pakabaki patupu. Aliporudi aliomba msamaha mpaka ulimi ukamkauka. Msusi alimruhusu kumwona Kibibi mara moja tu, kule saluni, akae kwenye benchi kama mteja. Mtoto alisimama kando ya kiti cha kusukia, kichwa kikifika sawa na mkono wa kiti. Fundi aliondoka na kipimo hicho moyoni, na kwa miaka, kila usiku, alilala nacho.

Sasa msusi akapata kazi mji wa mbali. Akampigia simu. "Mwisho wa wiki tunaondoka. Kama kweli unamtaka mwanao, njoo ofisi ya vizazi tukuandikishe kwenye cheti chake. Usipokuja, usinitafute tena."

Kulala kukamshinda. Alijua fika kwamba bila jina lake kwenye kile cheti, Kibibi akiugua au akihamishwa shule, yeye atakuwa mpita njia tu. Akashika mkasi. Alikata gauni la manjano kwa kipimo cha mkono wa kiti, sawasawa kabisa, limkae mtoto vizuri. Fundi huyu huyu aliyewakemea kina mama wote, "Mtoto anakua, mama, acha pindo!", hakuacha pindo hata la kidole.

Ofisini alitangulia kufika, akakaa roho juu. Msusi aliingia amechelewa, kamshika mkono mtoto mrefu, mwembamba, mwenye mapengo. Jicho la fundi halikuhitaji kuambiwa. Alilisukuma furushi la gauni chini ya benchi.

Karani, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliwatazama. "Mna ndoa?"

"Hatuna," fundi akasema, macho chini.

"Usiinamishe kichwa, baba. Hapa hatufungishi ndoa, tunaandika wazazi. Ila saini hii ni ya hiari, na lazima mtie wote wawili mbele yangu. Wewe una shaka kama mtoto ni wako? Kama ipo, nendeni mkapime damu kwanza. Ukishatia saini, kumtunza ni juu yako, na kuulizwa mambo yake ni haki yako. Usije kesho ukaniambia ulikuwa unatania."

"Sina shaka." Akatia saini.

"Mama, kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna." Msusi alishika kalamu. Fundi alimtazama vile vidole alivyovipenda, akatamani kalamu ile iandike na mengine: kwamba warudiane, wakae nyumba moja, waitane mume na mke. Haikuandika hayo. Iliandika jina la msusi, na karani akagonga muhuri.

Nje, Kibibi aliliona furushi kwapani mwa fundi. "Fundi, hiyo nini?"

Ikabidi alifungue. Gauni lilikwama mabegani, mtoto mikono juu, anacheka ndani ya kitambaa.

"Makubwa!" Msusi alicheka mpaka akashika ukuta. "Fundi Macho mzima! Macho yako yalikuwa wapi?"

"Yalibaki saluni," alisema. "Pale kwenye kiti. Sikuwa na kipimo kingine." Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Msusi aliacha kucheka. Akamvua mtoto gauni, akalikunja vizuri, akalitia mkobani mwake.

"Naomba nimpime," fundi akasema.

"Mpime."

Alipiga magoti, akavua futi shingoni. Alipima bega, kifua, urefu, akarudia bega. Kibibi akauliza mbona hamalizi. Akamaliza, kwa shida.

Wakaondoka. Alibaki amesimama na futi mkononi, akiwatazama migongo.

"Baba Kibibi!"

Hakugeuka. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"We Baba Kibibi, si nakuita wewe!" Msusi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. "La safari hii liachie pindo. Na ulilete mwenyewe."

Alitaka kusema mengi. Lililotoka ni moja tu.

"Naam," akaitika.