Mazishi ya Maua Kumi na Mawili

Mwezi wa nane, nilipotoka bwenini kuja likizo Kafutuma, niliongoza mazishi ya maua. Marehemu walikuwa kumi na wawili. Mfiwa alikuwa mama mdogo wangu Léonie, aliyevuka kutoka Kongo na ndoo moja, na ambaye sasa anaotesha miche kwenye mifuko ya sukari na kuwauzia wenye lodji za watalii ziwani.

Maua yale yalikuwa aina mpya. Thelma, mwanamke wa mradi wa bustani, alimpa yeye na jirani yetu Baudouin mashina kumi na mawili kila mmoja, na karatasi ya Kiingereza. Ambaye maua yake yangefika msimu wa pili wa mvua yakiwa hai ndiye angepewa miche yote ya kuuza huku ufukweni. Mama Léonie alikuwa ameshaijengea miche hiyo kivuli cha matete.

Sasa maua yalikuwa yamekauka mpaka chini, kama dagaa wa chisense walioanikwa mchangani.

"Débora, weye ni mutu ya masomo. Soma ile karatasi. Ilikufa?"

Karatasi ilikuwa ndefu. Nilisoma kichwa chake tu, nikakohoa kama padri.

"Inasema, pole kwa familia."

"Acha michezo, mutoto."

"Yamekufa, mama. Tuyazike kwa heshima."

Alicheka. Nyuma ya karatasi niliandika ratiba: wimbo, neno la familia, udongo kwa udongo. Watoto wa jirani waliimba, mmoja akazimia vizuri sana. Kisha Mama Léonie akafanya kile ambacho mwanamke yeyote msafi wa kwetu hufanya akiona kitu kikavu katika kiwanja kilichofagiwa: alichimba mizizi yote, akaichoma, akafagia majivu.

Baudouin, ambaye hafagii mpaka asikie mgeni anakuja, alitazama akiwa ameegemea mlango.

"Miye niko muvivu, mama. Yangu ijizike yenyewe."

Mwezi wa kumi na mbili nilirudi. Katikati ya magugu ya Baudouin kulikuwa na vichaka kumi na viwili vya kijani, vimejaa maua ya zambarau. Thelma alikuwa amesimama hapo, anatabasamu. Baadaye akaja kwetu.

"Maua yako yako wapi, mama?"

"Ilikufa."

"Hayafi. Kiangazi yanalala tu. Tuliandika."

Mama Léonie akaingia ndani, akatoa karatasi kutoka kwenye Biblia. Thelma akaigeuza, akaona ratiba, akanipa.

"Msomi, hebu tusomee. Upande wa mbele."

Nikasoma. Sikukohoa. "Majani yakikauka, usichimbe. Mizizi iko hai."

"Nani aliandika ule wa nyuma?" Thelma akauliza.

"Mutoto yangu," alisema Mama Léonie. "Iko na maandishi muzuri, hein?"

Nilitafuta dhihaka katika sauti yake, mimi mtaalamu wa dhihaka. Haikuwemo. Ndiyo sababu alikuwa ameihifadhi karatasi: kwa ajili ya maandishi yangu.

Baudouin alipewa miche. Kesho yake Mama Léonie alibomoa kivuli, akafunga matete yote fungu moja refu, ampelekee Baudouin, ambaye sasa ndiye mwenye kukihitaji. Alibeba mbele, mimi nyuma, polepole. Watoto walitufuata wakidhani ni mchezo, wakaanza ule wimbo wa mazishi.

Katikati ya njia mikono yangu iliteleza.

"Beba muzuri," alisema bila kugeuka. "Maiti isianguke."